SOMO LA 6: Samaki wa rangi, na mikono ya watoto wetu

Tangu niposti picha ya tangi letu, maswali hayaishi: "Nesi, yule mwenye mistari anaitwaje? Na mimi nataka kwa ajili ya wanangu." Haya, tuongee.

Yule mdogo wa zambarau mwenye mistari sita ya rangi ya chungwa, kitaalamu ni Pseudocheilinus hexataenia. Ni jamii ya karibu na pono mnaowajua sokoni, ila yeye akikua sana ni kama sentimita 10 tu. Wala hatoki mbali, anaishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi, hata pwani yetu hii ya Afrika Mashariki.

Wanangu wanampenda kwa sababu hatulii. Mchana kutwa anachungulia kila tundu la jiwe akitafuta vidudu. Usiku anajibanza kwenye mawe, anajifunika kifuko cha utelezi unaotoka mwilini mwake, analala. Ndugu zake wengine hujizika mchangani, kwa hiyo usipomuona usikimbilie kusema kafa.

Kabla hujatoa hela, jua haya:

👉 Usinunue tangi na samaki siku moja. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, na tangi jipya halina bakteria wa kuibadilisha. Mara nyingi inachukua wiki 4 hadi 6. Pima mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri.

👉 Chumvi ya jikoni haifai. Nunua chumvi maalumu ya matangi ya bahari.

👉 Weka mfuniko wa wavu. Hawa samaki wanaruka jamani! Asubuhi utamkuta sakafuni amekauka.

👉 Mwenye mistari sita akishazoea anakuwa mbabe. Mweke mmoja tu, na aingie wa mwisho.

👉 Yule msafishaji wa bluu mwenye mstari mweusi, mwache baharini. Chakula chake ni vidudu vya kwenye miili ya samaki wengine, na wengi wao tangini hufa njaa.

Sasa naongea kama nesi.

Siku ya kubadilisha maji ndiyo siku ya hatari. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache tu, na hapigi kelele, anazama kimya. Kwetu hiyo kazi inafanywa mdogo akiwa mgongoni au kwa bibi yake, na ndoo inamwagwa palepale. Simu ikiita, iite.

Tangi la lita 200 likijaa linazidi kilo 200. Meza ya televisheni siyo mahali pake, maana mtoto akidandia vyote vinamwangukia. Waya wa pampu ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili maji yakitiririka yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye umeme.

Usinyonye mpira wa maji kwa mdomo. Na mwenye kidonda mkononi asiingize mkono tangini. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, anaingilia kwenye mkwaruzo mdogo tu. Wiki kadhaa baadaye kinatokea kivimbe kidoleni au mkononi, hakiponi, na dawa zake hunywewa kwa miezi. Ukienda hospitali na kidonda cha namna hiyo, sema mwenyewe: "Nafuga samaki." Daktari asipoambiwa, ni rahisi kutibu kitu kingine. Mwenye kisukari au kinga iliyoshuka avae glavu ndefu kila mara.

Kama una mtoto anayeanza kutambaa na uko peke yako nyumbani, ushauri wangu ni subiri. Samaki watakuwepo mwakani. Kama mko wawili na muda mnao, anzeni taratibu. Mtoto anayelisha samaki kila jioni anajifunza kwamba kiumbe kingine kinamtegemea, na hilo nimeliona kwa wangu.

Mtumie mama mwenzio mwenye tangi. Somo la 7 tutaongelea chakula chao. Kaeni salama 🐠