Mkoromo wa Baba

Nyumbani kwetu Tanga, mkoromo wa baba ulikuwa kichekesho cha familia. Ulipanda, ukapanda, kisha ghafla kimya. Sisi watoto, chumba cha pili, tulihesabu: moja, mbili, tatu… Tukifika kumi na tano baba anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, injini inawaka upya. Tulicheka mpaka mama agonge ukuta.

Nilipoanza kazi gazetini nikaandika makala ya kuchekesha juu yake. Baba aliikata, akaitunza.

Miaka miwili iliyopita alianza kuangusha vikombe. Cha mbele yake alikiona, cha pembeni hakukiona. Tukasema uzee. Daktari wa macho akasema presha ya macho, yaani glakoma: neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa taratibu, mara nyingi bila maumivu, na mtu huanza kupoteza pembeni. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki.

Kisha akauliza, "Mzee anakoroma?"

Mama akawahi kujibu: "Kukoroma tu? Huyu pumzi inakatika kabisa."

Daktari akaeleza. Koo likijiziba usingizini, oksijeni kwenye damu inashuka, tena na tena usiku kucha, na neva ya jicho inaitegemea damu hiyo. Tafiti zimeona magonjwa haya mawili yakiandamana, lakini hazijathibitisha kwamba moja linazaa lingine. Glakoma pia hufuata ukoo, na sisi Waafrika iko karibu nasi zaidi. Aliposema ukoo, alinitazama mimi.

Basi siwezi kuandika kwamba mkoromo ndio uliomla baba macho. Mhariri wangu angeifuta sentensi hiyo, na angekuwa sahihi. Ninachoweza kuandika ni kwamba miaka yote ile tuliuhesabu ukimya kwa sauti, na hakuna aliyeuliza ulikuwa ukimya wa nini.

Juzi baba aliniomba nimsomee ile makala. Alicheka palepale alipochekaga zamani. Mimi nikakwama kwenye "kumi na tano".

Usiku nilimwuliza mke wangu kama nami nakoroma.

"Unakoroma, Baba Asha. Halafu unanyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Jana nilifika kumi na mbili."

Jumatatu nakwenda kupima macho. Na habari ya usingizi nitaisema mwenyewe, kabla sijaulizwa.