Chumvi, mahindi na maharagwe

Aveba, kusini mwa Bunia. – Leo siwaletei habari za barabara wala za usalama. Nawaletea habari za chumvi.

Mtoto wa dada yangu alifika kwetu na mama yake wakikimbia vita, na daftari zake zote zilibaki nyumbani. Mtihani wa Serikali unamngoja. Daftari la kemia alilikopa kwa mwenzake, akanakili kila ukurasa kwa Kifaransa. Jioni moja akanisomea kwa kichwa, bila kukosea, jinsi sodiamu inavyotoa elektroni na klorini inavyoipokea. Nikamwuliza kwa Kiswahili: sasa ni nini kinachozishika pamoja? Akanyamaza.

Mimi nilisoma kemia zamani, nikajiona fundi. Nikamwambia ni ndoa: sodiamu ametoa mahari ya elektroni moja, mambo yamekwisha. Akacheka, kisha akachukua punje ya chumvi. "Mjomba, humu ndani, mke wa huyu ni yupi?"

Hapo nilijua nimempoteza. Tukaanza upya kwa hesabu. Atomi ya sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11. Ikitoa elektroni moja zinabaki 10, basi chaji chanya inazidi kwa moja. Klorini ina 17 kwa 17. Ikipokea moja, elektroni zinakuwa 18, na chaji hasi inazidi. Sasa zinaitwa ioni. Chanya na hasi huvutana, na mvuto huo ndio unaozishika. Elektroni iliyotolewa si kamba ya kufungia. Tena mvuto hauchagui mmoja, unavuta pande zote.

Tukapanga mahindi na maharagwe juu ya mkeka: hindi, haragwe, hindi, haragwe, mstari wa pili tukageuza. Kila hindi la katikati likapata maharagwe manne kando yake. Ukiweka tabaka moja juu na moja chini, majirani wanakuwa sita. Ndivyo chumvi ilivyo: kila ioni ya sodiamu ina kloridi sita jirani, na kila kloridi ina sodiamu sita. Ile NaCl ya daftarini inasema tu kwamba idadi zao ni sawa.

Binti akasukuma mstari mmoja hatua moja. Mahindi yakatazamana na mahindi. "Hapa zinafukuzana," akasema mwenyewe. Ndiyo maana chumvi ya mawe ukiipiga hupasuka, haipindiki kama msumari. Kuiyeyusha kwa moto kunataka digrii 801, lakini maji yanaitawanya bila moto, kwani molekuli ya maji ina upande wenye uhasi kidogo na upande wenye uchanya kidogo. Zinaizunguka kila ioni na kuivuta itoke.

Dada yangu, aliyeacha shule mapema, alikuwa akisikiliza. Alishafundishwa maji ya kumpa mtu anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. "Na sukari nayo inaachana hivyo?"

Hapana. Molekuli za sukari zinaachana, lakini kila moja inabaki nzima, haina chaji. Kwa hiyo maji ya chumvi hupitisha umeme, ya sukari peke yake hayapitishi. Ndani ya utumbo sukari inasaidia sodiamu kupita, na maji yanafuata.

Binti aliandika hayo kwa Kiswahili pembeni mwa Kifaransa. Maharagwe tuliyaokota moja moja. Yalikuwa ya chakula cha jioni.