Upinde, Mtego na Kikapu

Wahenga walinena: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Sisi wanafunzi wa fasihi huuchambua usambamba wa methali hii, tukaridhika. Huku kwetu Mghange, katika milima ya Taita, ambako wazee wangali wanaitaja njaa kuu ya Mwakisenge ya miaka ya 1880, methali hiyo ni hesabu. Mtu aliyelegezwa na njaa azitumieje nguvu chache alizobakiwa nazo ili apate chakula ambacho hakukipanda?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni upinde. Wawata, ambao pia huitwa Waliangulu, walisifika katika nyika ya Tsavo kwa pinde nzito na mishale ya sumu iliyoweza kumwangusha ndovu. Nyama ya windo moja hulisha wengi. Hata hivyo, upinde hudai misuli, shabaha na siku kadhaa za kufuata nyayo, navyo ndivyo hasa mwenye njaa asivyokuwa navyo. Isitoshe, hifadhi ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini. Tangu hapo, mwindaji hurudi nyumbani na kesi badala ya kitoweo.

Ya pili ni mtego. Kitanzi cha kamba humngojea kanga au sungura usiku kucha, naye mtegaji amelala. Nguvu zinazohitajika ni haba. Lakini mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo: mbuzi wa jirani naye hunaswa, ugomvi ukazuka wakati ambapo watu wanahitajiana zaidi. Na sheria haibagui kitanzi na mshale.

Ya tatu ni kikapu. Nyanya yangu mzaa mama hakuwahi kushika upinde. Mvua zilipokosekana, alitoka alfajiri akarudi na ukwaju, mnavu, mgagani na majani mengine ya porini. Alijua jani lipi huchemshwa na maji yake kumwagwa, tunda lipi huliwa likiiva tu, na mzizi upi hauguswi hata watoto walie vipi. Kikapu hudai nguvu chache na maarifa mengi. Hata mjamzito na mtoto hukimudu.

Ajabu ni kwamba fasihi yetu humsifu mwenye upinde. Fumo Liyongo tunamkumbuka kwa shabaha yake. Lakini tukumbuke pia kwamba maadui walipopanga kumuua akiwa juu ya mkoma, mishale yake haikuangusha mnyama, iliangusha matunda. Hata shujaa yule alikula cha mwituni kisichokimbia.

Mwaka jana niliwaonyesha vijana wa kijijini majani sita aliyotupikia nyanya. Waliyaita yote magugu. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, ndugu msomaji. Jani lisilo na jina halina mpishi, na ukame ujao hautatungoja tujifunze upya. Hifadhi ina askari, upinde una tenzi, kikapu hakina mtetezi. Basi tunapokwenda nyanjani kukusanya ngano na nyimbo, tuwaulize bibi zetu pia majina ya mboga za mwituni na namna ya kuzipika, kwa Kidawida na kwa Kiswahili, tuyaandike wangali hai.