Utomvu wa nipa: Kutoka matope ya chumvi hadi chupa ya vitakasa mikono

Kaskazini mwa Ufilipino, katika mkoa wa Cagayan, kazi ya mgema huanzia kwenye matope. Hapandi juu kama mgema wa mnazi. Nipa ni jamii ya mnazi, lakini shina lake limejificha ardhini, na majani yake huchomoza kama makuti yaliyochomekwa kwenye tope. Humea pamoja na mikoko, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Mahindi yakipandwa hapo hukaushwa na chumvi.

Mgema hukata shada la matunda, hukinga chombo cha mwanzi kwenye kikonyo, kisha hurudi kila siku kukata kipande chembamba ili utomvu uendelee kutiririka. Una sukari takriban asilimia 15. Ukicheleweshwa huchacha ukawa tembo, halafu siki, na jasho la familia nzima hushuka thamani.

Mjini Batac, mkoa jirani wa Ilocos Norte, Chuo Kikuu cha Serikali cha Mariano Marcos hukeneka utomvu huo kupata ethanoli ya asilimia 95. Lengo lilikuwa nishati ya magari. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia na vitakasa mikono kuadimika, ethanoli hiyo ikageuzwa dawa ya kuua vijidudu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huko Batac kazi kubwa ni kuyatoa maji, lakini kwa vitakasa hurudishwa makusudi. Ethanoli ya asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko ya 95, kwa kuwa maji huisaidia kupenya na kuharibu protini zao.

Basi utomvu mmoja huweza kuwa tembo, siki, nishati au dawa. Mtu mzima anajua tofauti. Mtoto wa miaka miwili hajui. Akinywa kitakasa au ethanoli ya jiko, sukari mwilini inaweza kushuka ghafla, akalegea na hata kupoteza fahamu.

Mzazi, usihifadhi ethanoli kwenye chupa ya soda. Iweke juu, mbali na moto. Mtoto akiimeza, usimtapishe. Mwahishe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Na mikono yenye tope, kama ya mgema wa nipa, haihitaji kitakasa: inahitaji maji na sabuni.