Thabeet na Blair

Ualimu haukomi siku mtu anapokabidhi funguo za ofisi. Mimi nimestaafu miaka mingi sasa, lakini hata nikitazama mchezo kwenye luninga bado namtafuta mwanafunzi: nani anasikiliza, nani anajificha nyuma ya wenzake, nani alikaripiwa jana na leo kaja kivingine. Labda ndiyo sababu, katika habari zote za mpira wa kikapu nilizopata kuzifuatilia, hakuna zilizonishika kama zile za mwaka 2009 katika ligi ya vyuo vikuu vya Marekani iliyoitwa Big East.

Mchezo wenyewe niliujulia chuo cha ualimu. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo ulioshindiliwa, ringi hazina nyavu, na mkufunzi wa michezo alitulazimisha sote tujifunze kanuni, warefu kwa wafupi, kwa kuwa shuleni tungepangiwa kipindi cha michezo tupende tusipende. Mimi nilikuwa mfupi, nikapewa filimbi. Refa huona mengi ambayo mshabiki hayaoni, hasa yale yanayotendeka mbali na mpira.

Basi mwaka ule Tanzania ilikuwa na kijana wake kule. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake mita 2.21. Mchezo aliuanza akiwa kijana mkubwa, ilhali wengi wa wapinzani wake waliushika tangu utotoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa chini ya ringi na kuizuia mipira ya wenzake isifike, na kwa kazi hiyo hakuwa na mwenziwe katika ligi nzima.

Upande wa pili alikuwapo DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kijana wa mji huohuo wa Pittsburgh. Kimo chake mita 2.01 tu, kifua kipana kama mlango, na magoti yote mawili yalikwisha kupasuliwa na madaktari. Mtu wa namna hiyo hashindani kwa kurefuka. Hushindana kwa kukuondoa mahali uliposimama.

Walikutana mjini Hartford tarehe 16 Februari 2009. Connecticut ilikuwa namba moja nchini kote, na siku hiyo Hasheem alikuwa anatimiza miaka 22. Mchezo haujachanganya, wawili hao wakagombea mpira, mikono ikanasana, na Blair akamvuta Hasheem akampindua juu ya bega lake hadi sakafuni. Mita mbili na ziada za mtoto wetu, chali, mbele ya dunia! Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68, nayo ikawa mara yao ya kwanza kuifunga timu iliyo namba moja. Blair alipata pointi 22 na kudaka mipira 23 iliyorudi kutoka kwenye ubao. Hasheem alipata pointi 5 na mipira 4.

Nilikuwa bado mwalimu mkuu wakati huo, na picha ile ilifika hadi chumba chetu cha walimu. Wakacheka. Mwalimu wa hisabati akatoa hukumu palepale, kwamba urefu ni majaliwa na si kazi, na kwamba kijana amekwisha pimwa na kuonekana. Sikupenda neno lile, "amekwisha pimwa." Walimu ndio watu wa mwisho wanaofaa kulitamka mwezi Februari.

Maana ligi ina tabia ya muhula. Big East ilikuwa na vyuo 16, kila kimoja kikicheza mechi 18, na ratiba ilikuwa imeziweka Connecticut na Pittsburgh zikutane tena siku ya mwisho ya kila mmoja wao, tarehe 7 Machi, safari hii kwa Pittsburgh. Nami, kama Watanzania wengi, nilitaka kisasi. Sikukipata. Connecticut, waliokuwa wamerudi namba moja, walifungwa tena, 70 kwa 60. Aliyewaumiza mara hii hakuwa Blair bali mwenzake Sam Young, kwa pointi 31. Vyuo vyote viwili vikamaliza na ushindi 15 na vipigo 3, nyuma ya Louisville.

Hapo ndipo lilipokuja jambo lililonifurahisha mimi kuliko ambavyo kisasi kingenifurahisha. Makocha wa ligi walipopiga kura ya mchezaji bora wa msimu, tuzo iliwaendea wawili kwa pamoja: Blair na Thabeet. Watu wale walikuwa wameiona picha ya Hartford kama sisi, tena wengi wao walikuwa wamepanga vikosi vyao usiku na mchana kutafuta namna ya kumpita yule kijana chini ya ringi. Waliyahesabu majuma yote. Sisi baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tulikuja kuagizwa kuhesabu kazi za mwanafunzi za kila siku pamoja na mtihani wake wa mwisho, na najua walimu waliojaza alama zile kwa kubahatisha jioni moja, chai mkononi. Kupima mtu kwa haki ni kazi ya kuchosha.

Hasheem aliendelea na Connecticut hadi nusu fainali ya taifa mjini Detroit, wakatolewa na Michigan State 82 kwa 73. Mwezi Juni timu ya Memphis ikamchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule; akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Blair alingoja hadi nafasi ya 37, San Antonio wakamchukua. Huko mbele Blair alicheza zaidi, na wetu hakudumu. Hilo halina ubishi.

Pittsburgh waliihama Big East mwaka 2013. Connecticut nao wakaangukia ligi nyingine, wakarejea mwaka 2020 pasipo jirani yao. Mwalimu wa hisabati tukikutana msikitini huniuliza habari za "mrefu wako." Nami humwuliza kama zile kura za makocha alikwisha zijumlisha.