Barua Yenye Majina

Jina la Janani Luwum, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Uganda, lajulikana na Wakristo wengi kwa habari ya kufa kwake. Lakini sisi tulio waalimu twapenda kukumbuka kwanza ya kuwa yeye naye alikuwa mwalimu wa shule, tena aliuawa baada ya kuandika barua.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Utotoni alichunga mbuzi. Kisha akasoma, akafunzwa ualimu Boroboro, akafundisha watoto. Mwaka 1948 aliokoka, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha Buwalasi kusomea kazi ya kanisa. Akawa kasisi mwaka 1956, na Askofu wa Uganda Kaskazini mwaka 1969. Mwaka 1974 akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Siku zile Uganda ilitawaliwa na Idi Amin, aliyeitwaa serikali kwa nguvu mwaka 1971. Watu walichukuliwa majumbani mwao wasirudi tena, na mara nyingi Askofu Mkuu aliwaendea wakubwa kuwaulizia waliopotea. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari wenye bunduki waliingia nyumbani kwake, wakidai kutafuta silaha, wala hawakuziona. Ndipo yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia barua Amin mwenyewe. Walieleza upekuzi ule, wakataja waziwazi mauaji ya raia na hofu iliyowajaa watu. Kisha wakatia majina yao chini.

Hapo tuangalie sana. Vijijini mwetu barua isiyo na jina si kitu kigeni. Hutupwa usiku mlangoni mwa mtu, na asubuhi kila jirani hushukiwa. Huenda maneno yake ni ya kweli, lakini mwenyewe amejificha, basi kweli yake imekuwa kama mtoto asiye na baba. Barua ya maaskofu haikuwa hivyo. Haikutukana, ilimwendea mwenye jambo, na walioiandika walijulikana.

Wahenga husema, Msema kweli hana wajoli, yaani hana wenzi. Barua ile ilikuwa na wenzi. Lakini saa ya kuilipia ilipofika, Askofu Mkuu alibaki peke yake. Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala, mbele ya askari wengi. Silaha zilionyeshwa, nao wakashtakiwa kuwa wataka kuipindua serikali. Baadaye wengine wakaambiwa waende zao, yeye akazuiwa. Askofu Festo Kivengere alimngoja nje, asimwone tena. Siku ya pili serikali ilitangaza ya kuwa amekufa kwa ajali ya motokaa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Watu hawakusadiki, kwa maana waliouona mwili wake walisema una matundu ya risasi.

Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, lakini mwili ulipelekwa Mucwini, ukazikwa huko. Hata hivyo Jumapili maelfu walikusanyika Namirembe, wakaimba penye kaburi tupu. Amin aliangushwa mwaka 1979. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa zima la Uganda.

Je, barua ile ilifaa nini? Haikumzuia muuaji, wala haikumwokoa mwandishi. Lakini katika nchi ambayo kila mtu alinong'ona, iliwaonyesha watu ya kuwa kweli bado ina wenyewe.

Sisi waalimu huwafundisha watoto sehemu za barua: mahali, tarehe, salamu, habari, na mwisho jina. Watoto hudhani jina ndilo jambo jepesi kuliko yote, nao huliandika mbio ili watoke kucheza. Yafaa tuwaambie mapema ya kuwa ndilo lililo zito.