Jiwe la Kamba na Kioo cha Sangara

Sisi tuliozaliwa Old Moshi si watu wa samaki. Mlima ulitulea kwa ndizi, maharage, maziwa na nyama ya sikukuu, na maji tuliyoyajua utotoni ni yale ya mfongo unaopita nyuma ya kihamba, ambayo mtoto huyavuka bila kulowa magoti. Bibi yetu mzaa baba, Allah amrehemu, hakuwahi kutia samaki mdomoni mpaka alipofariki. Alikuwa akisema kwamba kiumbe asiyefumba macho hana haya. Samaki alianza kuzoeleka jikoni kwetu baada ya bwawa la Nyumba ya Mungu kujengwa katika miaka ya 1960, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, na perege wake wakaanza kupandishwa mlimani kwa matenga. Sangara alikuja baadaye, vipande vyeupe vinene visivyo na miiba midogo, vikitoka Mwanza katika barafu. Watoto wetu walimpenda mara moja. Hakuna aliyejiuliza huvuliwaje.

Msomaji ataelewa basi mshangao ulioingia katika ukoo wetu pale mpwa wetu, mtoto wa pekee wa kiume wa dada yetu, alipomaliza kidato cha nne na kufuata rafiki yake mpaka kisiwa cha Ukerewe kuvua sangara. Dada yetu ni mjane. Kwake yeye Ziwa Victoria lilikuwa na maana moja tu: Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Sisi ndugu wawili, wajomba wa kijana, tulimtuliza kwa maneno ambayo hata sisi hatukuyaamini sana.

Mwaka wa tatu kijana akatupigia simu. Alikuwa ameingia ubia katika mtumbwi wa mzee mmoja wa kisiwani, na alihitaji shilingi milioni moja na laki nne anunue vifaa viwili: GPS ya mkononi, na kifaa chenye kioo kinachoonyesha samaki walio chini ya mtumbwi. Kulikuwa na mkopeshaji aliyekuwa tayari kumpa fedha hizo kwa riba. Kijana alitaka kwanza kusikia kauli yetu. Mzee mwenye mtumbwi, kwa upande wake, hakutaka kifaa chochote ndani ya chombo chake. Tukaona kwamba jambo hili halimaliziki kwa simu. Tukapanda basi la Mwanza, mwendo wa siku nzima kupitia Singida na Shinyanga, na asubuhi yake tukapanda meli ya kwenda Nansio.

Mzee alitupokea kwa heshima iliyotuonea haya. Alikuwa amevua kwa zaidi ya miaka arobaini, akianza na furu na ningu wakati ambapo sangara bado alikuwa mgeni. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa lile. Aliletwa na wakoloni wa Kiingereza katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi iliyotisha. Aina mamia za furu zikapungua au kutoweka kabisa, kwa kuliwa naye na kwa sababu nyingine za uchafuzi wa maji. Baada ya furu kwisha, sangara akageukia uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Mzee alitusimulia hayo bila chuki. Sangara ndiye aliyemjengea nyumba ya bati.

Tulimwuliza anajuaje pa kutupa ndoana katika maji yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Akatuonyesha jiwe.

Lilikuwa jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, limefungwa kamba yenye mafundo, na umbali wa fundo hadi fundo ni pima moja. Kabla ya kulishusha hulipaka sabuni ya mche upande wa chini. Likigusa sakafu ya ziwa, mafundo humwambia kina, na sabuni humletea habari ya kilichopo: tope jeusi, mchanga, au kokoto. Likirudi safi lenye mkwaruzo, amefika juu ya mwamba, na sangara mkubwa hupenda kujibanza kando ya mwamba akivizia. Ili aurudie mwamba huo kesho, hulinganisha alama za nchi kavu, mti fulani ukae sawasawa mbele ya kilima fulani, na upande wa pili paa la shule likae kwenye ncha ya rasi. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo. Hutazama pia ndege mnandi wanapozamia, na rangi ya maji, na harufu yake. Alitueleza kwamba kuna miezi maji ya chini huwa mazito, samaki wasikae humo, na kwamba upepo mkali wa kusini wa Juni hadi Agosti ndio unaoyakoroga na kuyafanya yakalike tena. Wataalamu wa ziwa husema jambo hilohilo kwa maneno ya oksijeni. Katika miezi ya utulivu na joto maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, hewa ya chini huisha, na sangara, ambaye havumilii kukosa hewa, hupanda.

Elimu hii ilituvutia kuliko tulivyotarajia, labda kwa kuwa ilifanana na ya wazee wetu waliopitisha mifongo ubavuni mwa mlima bila kipimo cha dukani.

Lakini kijana naye alikuwa na hoja, na haikuwa hoja ya mtoto. Alikuwa ameazima kioo cha rafiki yake kwa ajili ya ziara yetu, akakifunga kwa betri ya pikipiki. Kichwa kidogo kinachozamishwa majini hutoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii. Mlio hushuka, hugonga sakafu, hurudi. Kwa kuwa sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi kwenye kina cha mita 30 huchukua kama sehemu nne za mia za sekunde, na kifaa huugeuza muda huo kuwa kina. Samaki aliye katikati ya njia hurudisha sehemu ya mlio, akaonekana kwenye kioo kama upinde. Ndugu wawili wa Kijapani wa ukoo wa Furuno ndio waliotengeneza kifaa cha namna hii kilichowafaa wavuvi, mwaka 1948. Watafiti wa nchi zetu tatu, wakiwamo wa TAFIRI, hupima wingi wa samaki wa ziwa lile kwa njia hiyohiyo ya sauti, kwa vyombo vikubwa zaidi.

Kinachorudisha mlio kwa nguvu si nyama ya samaki wala mifupa yake. Nyama inafanana mno na maji. Ni lile puto la hewa lililo tumboni mwake linalomsaidia kuelea, ambalo wavuvi huliita bondo. (Papa wa baharini hana bondo, hivyo humwonekania mtafutaji kwa shida zaidi.) Na mabondo ya sangara ndiyo hayo yanayokaushwa na kupelekwa China, ambako kilo moja huuzwa kwa bei ambayo minofu haiikaribii. Kiungo kimoja humchongea samaki kwa kioo, kisha humtia thamani sokoni. Usiku ule tulijifunza kazi yake ya tatu.

Tulitoka baada ya Magharibi, watu sita katika mtumbwi mmoja, sisi wajomba tukiwa tumeshika mbao za kando kama watu walioshika roho zao. Makubaliano yalikuwa kwamba nusu ya ndoana zitupwe mahali kijana atakapopachagua kwa kioo, na nusu juu ya mwamba wa mzee. Kijana alizunguka muda mrefu, mpaka kioo kikajaa alama kwenye kina cha mita 25 hivi. Mzee hakutazama hata mara moja. Kwenye mwamba wake alishusha jiwe mara mbili tu. Mbali, taa za wavuvi wa dagaa zilitapakaa kama mji, nyingi zikiwa za sola siku hizi badala ya karabai.

Alfajiri tulivuta. Kwa uzani, kijana alishinda. Mwamba wa mzee ulitoa sangara watatu tu, mmoja wao wa kilo 11. Ndoana za kijana zilitoa samaki kumi na wanane. Tulikaribia kumpigia makofi, kisha tukaanza kuwapima. Sheria imekataza sangara aliye chini ya sentimita 50, na kumi na mmoja kati ya wale hawakufika. Kijana alishika mmoja ili amrudishe, akamwachia majini, naye akaelea kwa ubavu. Matumbo yake yalikuwa yametokeza mdomoni. Samaki anapovutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa ya bondo hutanuka, humsukuma kutoka ndani, naye hawezi tena kuzama. Kumrudisha wa namna hiyo ni kumlisha ndege. Kifaa cha bei ile kilikuwa kimetuonyesha kwamba samaki wapo, na hakikutuambia kwa uhakika kwamba ni watoto.

Hakuna aliyesema neno. Sisi tunaamini kwamba katika kimya kile mzee alishinda zaidi kuliko kwenye mizani, ingawa hakutabasamu.

Mambo yangeishia hapo kama tusingelikumbwa na mvua wakati wa kurudi. Mawingu ya radi ya ziwa lile hupenda kujengeka usiku na kupasuka kuelekea asubuhi, na lile lilitujia kutoka mashariki likafuta kila kitu. Mti na kilima cha mzee havikuonekana, wala paa la shule, na nyota zilikuwa zimefunikwa tangu saa nane. Mzee alipunguza mwendo wa injini, akageuza uso kuutafuta upepo kwa shavu, na tuliona kwamba hakuwa na uhakika. Kijana akatoa simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa imehifadhi mstari wa njia tuliyotoka nayo mwaloni. Akawa anamwambia mzee, kwa sauti ya chini na adabu kamili, "Babu, kushoto kidogo. Hapo hapo, babu." Mzee aligeuza usukani kila alipoambiwa. Tulifika mwaloni tukiwa tumelowa, na katika watu sita hapakuwa na hata jaketi okozi moja. Jambo hilo la mwisho ndilo lililotukosesha usingizi mchana ule, kuliko samaki wote.

Watu huvichanganya vifaa hivi viwili kwa kuwa vyote vina betri na kioo, na sisi tulikuja tukivichanganya. Kimoja humsaidia mvuvi kupata zaidi kutoka ziwa ambalo limekwisha kuchoka. Kingine humrudisha kwa mama yake. Tangu Mei 2000, Wamarekani walipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti zao kwa watumiaji wa kawaida, hata kifaa cha bei ndogo kinaweza kukuonyesha ulipo kwa kukosea mita chache. Pale Ukerewe mita chache ni tofauti ya mwalo na miamba.

Tuliketi na kijana na mzee baada ya Adhuhuri. Mkopo wa riba tuliukataa moja kwa moja. Tulitoa laki nane, kama mtaji wetu katika ubia na si deni: GPS moja isiyoingia maji, jaketi okozi sita, na mfuko imara wa simu. Baada ya kutoa mafuta, barafu na chakula, fungu letu likatwe kwenye sehemu ya chombo, na ikiwa kuna hasara tuibebe kwa kadiri ya mtaji. Tuliyaandika, wakashuhudia wawili. Fedha ya kioo hatukutoa. Kijana hakuficha kuudhika kwake. Alituambia kwamba mitumbwi ya jirani inacho, na kwamba samaki tutakaowaacha sisi watavuliwa na wengine, tena kwa kokoro. Hatukuwa na jibu zuri kwa hoja hiyo, na mpaka leo hatunalo.

Sasa imepita miezi kumi na minne. Fungu letu limerudi kiasi cha nusu, kwa kuwa miezi miwili sangara hawakuonekana kabisa. Baada ya Ramadhani kijana alinunua kioo kwa fedha zake mwenyewe, kwa kuuza mabondo aliyoyakausha juani. Mzee amekubali kifungwe mtumbwini kwa sharti moja: palipojaa alama ndogo zilizosongamana, pasitupwe ndoana, wapite. Kama sharti hilo hushikwa saa tisa ya usiku, wakati mafuta yamebaki robo na ndoo ni tupu, sisi tulio huku mlimani hatuna jicho la kuliona. Dada yetu hashughuliki na hayo. Kila siku baada ya Isha hupiga simu Ukerewe kabla mtumbwi haujatoka, na humtaka mwanawe aiweke simu wazi, kisha wavuvi wote watano waitikie mmoja mmoja kwamba wamevaa jaketi zao.